Kwa Nini Sikushuka Kwenye Boti Jumapili

Mirongo, Mwanza
Jumatano

Mke wangu Mama Koku,

Nakusalimu kwa moyo wote, ingawa najua salamu zangu safari hii utazipokea kwa uso mkavu. Hamjambo hapo nyumbani? Kikohozi cha Koku kimeisha, au bado kinamwamsha? Na mama, goti lake? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Yaliyobaki ndiyo ninayokuandikia, na naomba uyasome mpaka mwisho kabla hujamwita dada yako akusaidie kunilaumu.

Nilikuambia nitakuja na boti ya kubeba sangara, kwamba nikimaliza kazi Ijumaa tajiri atanipa nafasi, nami Jumamosi nitashuka kwenye mwalo wetu. Sikukudanganya. Miezi kumi na minne sijakanyaga hapo. Nani anaihesabu kuliko mimi?

Boti yenyewe ni mtumba, kama makoti ya sokoni. Siku hizi kila kilichochoka kwa wenzetu kinaingia kwetu. Ilikuja na jiko la gesi, na tajiri akaona fahari, akasema mpishi wake hatapika tena kwa mafuta ya taa. Mpishi ni Mzee Magesa, Mjita, mtu wa utani, amepika kwenye vyombo vya ziwani miaka ishirini. Alikuwa akilalamika kwamba chini ya sakafu kunanuka mayai viza. Wenzake wakamcheka: mara ni samaki, mara ni soksi za nahodha. Mwisho tajiri akaniita nikague.

Unanijua kazini. Walipotupunguza kule karakana, wenzangu walikaa kungoja waitwe tena. Mimi nilichukua spana zangu nikajifunza friji na gesi mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono. Viungo vya mpira wa gesi vilikuwa kumi na kimoja, kutoka kwenye mtungi hadi jikoni. Kila kimoja nilikipaka povu la sabuni nikakitazama kama kinatoa mapovu. Hakuna. Nikaunga geji ya kupimia presha, nikaujaza mpira gesi, nikafunga mtungi, nikangoja dakika kumi na tano. Mshale haukucheza. Lakini nilipoinua ubao wa sakafu, pale maji machafu yanapokusanyika, harufu ya gesi ilinipiga usoni.

Gesi ipo, na haivuji popote. Nilijiona mjinga. Nikakaa juu ya kreti, nikamwambia, "Mzee, mtungi nimeufunga. Nionyeshe kwa mikono tu unavyochemsha chai."

Akaigiza. Akawasha kiberiti kisicho na njiti, akabandika birika. Nikamuuliza, ikishachemka? Akainama, akavuta pumzi, akapuliza jiko kama mtu anayezima kibatari. Kisha akagawa chai kwa vikombe vya hewani, mmoja mmoja, na utani wake wa kila mmoja. Alipomaliza ndipo akakumbuka kufunga koki ya jiko.

Dakika kumi nzima gesi inamwagika bila moto, mara tatu kwa siku. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, Mama Koku. Nyumbani ingepita chini ya mlango. Boti haina mlango wa chini, inaishika kama ndoo inavyoshika maji. Na humo humo ndimo ilimo pampu ya umeme. Ikitoa cheche moja tu, basi.

Nikamweleza tajiri. Akaniuliza, "Viungo vizima au vibovu?"

Nikamwambia vizima.

"Basi niandikie vizima, tuondoke. Barafu yangu inayeyuka. Na wewe fundi si ndiye unayelilia kwenda kwa mkeo?"

Sikufichi, kalamu niliishika. Niliuona uso wako. Halafu nikahesabu watu: wao saba, na mimi wa nane. Nikairudisha kalamu mfukoni, nikasema mbao zote zifunguliwe, hewa ya chini ichotwe kwa ndoo na kumwagwa ziwani, na pampu isiguswe mpaka kesho. Walichota huku wanacheka, ndoo tupu juu ya ndoo tupu. Mmoja akaniuliza amwage upande gani ili asimloweshe mtu.

Jumamosi boti iliondoka bila mtungi, na bila mimi, ikafika hapo kwenu Jumapili. Tajiri alisema nafasi yangu amempa mtu wa maneno machache.

Jana wamerudi. Mzee Magesa alinifuata hapa kwangu, akaniambia ulikuwa umesimama majini mpaka magotini, Koku mgongoni, mpaka kreti la mwisho likapakiwa. Ulipouliza, kwa aibu ya lile jiko akakwambia nimebaki kwa sababu kazi zimenizidi. Halafu akaniambia ndizi ulizonipikia uliwapa wao, na kwamba zilikuwa tamu. Nilimwuliza uliweka karanga au maharage. Hakukumbuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Boti ilifika salama, kwa hiyo hapa mimi ndiye fundi mwoga aliyeyeyusha barafu ya watu. Jambo ambalo halikutokea nitalithibitishaje? Wao waseme watakavyo. Wewe nakuomba uniamini.

Mpe mama shikamoo yangu, na umfunge goti kitambaa cha joto. Msalimie kaka Deo anayetuangalizia migomba, na dada yako, hata kama ameshanisema. Koku mwambie baba yake hajasahau kimo chake, ingawa najua ninachokikumbuka si chake tena.

Meli ya abiria ninayo nafasi mwisho wa mwezi ujao. Siku hiyo usije kunipokea, usiloweshe tena nguo kwa ajili yangu. Kutoka mwaloni mpaka mlangoni kwetu ni hatua mia tatu na kumi na mbili, nilizihesabu siku ile ninaondoka. Wewe kaa ndani. Nitazitembea mwenyewe, nami nitapiga hodi.

Ni mimi mumeo,
Baba Koku