Tulimuimbia Riziki, Asiyebatizwa

Goma, Mabanga. Siku ya mposho, Jumamosi, jioni.

Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kwetu yasiyolowesha mutu vizuri wala kumuacha mukavu. Niko. Juu yangu leo naweza kusema hilo tu: niko.

Tangu vita iingie muji, moyo wangu unakaa kama mukono uliolaliwa. Unauona ni wako, unaugusa, hausikii kitu. Silii. Siogopi. Bunduki zikilia upande wa Mugunga, mimi ninakoroga sombe yangu, majani ya muhogo, katika sufuria.

Neema, mutoto wangu wa kwanza, ndiye alinifungulia ukurasa huu kwenye simu. Alisema niandike, labda kitu kitatoka. Anasoma unganga wa hospitali, yuko mwaka wa mwisho, na aliyemuzaa ni mimi huyu niliyeishia shule ya musingi. Niwaambie mapema: wengine wana watoto, mimi nina Neema.

Basi, naandika.

Mimi ni mukubwa wa mamas katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenue inayosali nyumba kwa nyumba. Hakuna anayejua sheria kunishinda, hata wanaonichukia watawaambia. Nani apokee Ekaristi na nani abaki kwenye benchi, mimi najua. Mutu akifa, wanakuja kuniuliza: tunatoka ao hatutoke? Kutoka ni kwamba mamas wote tunavaa kitenge cha iniforme, tunatangulia sanduku tukiimba mpaka kwenye kaburi. Asiyebatizwa, hatutoke. Mwenye ndoa isiyobarikiwa, hatutoke. Padri hakuandika hiyo. Tulijiwekea sisi wenyewe, na mimi niliichunga kama vyombo vya ndoa yangu.

Sasa, kwangu kunakaa Mama Furaha. Ni mutu wa milima ya Masisi. Kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilipovunjika alitembea na watoto na godoro kichwani, akafika mulangoni kwangu kuomba maji, na nikamuambia aingie. Analala katika salon, chumba chetu cha wageni. Si wa kanisa letu. Bwana yake alibakia njiani, hakuna anayejua wapi. Kitoto chake cha mwisho kiliitwa Riziki, kilikuwa bado cha kunyonya.

Riziki alianza kuharisha. Neema alipigana na ugonjwa ule kama mutu anayepigana na mwizi. Alimubeba mpaka kituo cha afya, akamutafutia yeye mwenyewe mushipa wa seromu, yale maji ya dawa. Jana asubuhi mutoto akaacha kupumua.

Niliweka maji kwenye makaa. Nilifagia. Sikusikia kitu.

Mama Furaha aliketi karibu na mulango, kitambaa cha kubebea kikiwa bado kimefungwa mugongoni, hakuna mutu ndani. Hakuomba sanduku, wala chakula. Aliniuliza neno moja: "Mama Neema, nani ataimba?"

Mutoto wake mwingine alizikwa kule kambini kimya kimya, watu wakikimbia. Kwao kwenye milima, mutu haingii udongoni bila sauti za watu. Hakutaka na huyu aende hivyo.

Nilifungua kinywa nimupe sheria. Jibu lilikuwa tayari, nimelisema mara nyingi, linatoka lenyewe.

Neema alikuwa anaosha mikono. Hakugeuka hata. "Mama, nyimbo zile zote ulinifundisha weye. Kuko hata moja yenye inauliza karte ya ubatizo?"

Ningependa kuandika kwamba Roho alinishukia. Hapana. Nilichoka tu kusimama pale na jibu langu kinywani. Niliingia chumbani, nikavaa iniforme kama mutu anavyowasha moto asubuhi, bila kufikiri.

Kisha nikagonga kwa jirani, Mama Clémence, mwenye sauti ya juu kuliko sisi wote (yangu ni nzuri zaidi, lakini yake inafika mbali).

Aliniangalia kutoka juu mpaka kwenye viatu. "Présidente, nani amekufa mimi sijue?"

"Mutoto wa Mama Furaha."

"Yule wa kwenye salon? Mwenye hakubatizwa?"

"Yule."

"Na leo umekunywa nini?"

"Chai. Vaa, tunachelewa."

"Muzee Anselme atakukula mubichi," alisema. Huyo ndiye mukubwa wa shirika zima. Lakini alikuwa tayari anatafuta kitambaa chake cha kichwa, akikifunga upande, na akapiga kelele dirishani kwa wengine. Wengine walikuja. Wengine walifunga mulango.

Kaburi la Goma si udongo, ni jiwe la volkano. Vijana wanalipiga na chuma mpaka litoe shimo. Tuliimba wakipiga. Nyimbo zilipotuishia, Mama Furaha akaanza moja ya Kihunde, lugha ya kwao. Hatukujua maneno yake, tukafuata sauti tu. Hapo akalia. Clémence akalia. Mimi niliangalia machozi yao kama mvua inayonyesha katika parsele, kiwanja cha mutu mwingine. Sauti yangu ilitoka safi, haikutetemeka. Hilo ndilo linanisumbua.

Muzee Anselme amekuja mchana huu. Aliketi, akavua kofia.

"Mama, tumesikia mulitoka."

"Tulitoka, muzee."

"Kesho misa ikiisha utaeleza watu. Kuko wenye kusema urudishe ukubwa. Weye ndiye ulikuwa unatukatalia, sasa weye ndiye unavunja?"

"Sheria nazijua, muzee, pengine kukushinda. Lakini mimi sikusoma sana, siwezi kubeba vitu vingi wakati wa vita. Nimeshika moja tu: mupendane. Zingine mutanikumbusha amani ikirudi."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Nilingoja anikaripie. Kwenye mulango aliuliza tu: "Mutoto aliitwa nani?"

"Riziki."

"Riziki," alisema, akavaa kofia yake, akaenda. Sijui kesho atakuwa upande gani.

Nimebaki nikifikiri juu ya yule Musamaria mwema. Injili inasema aliona huruma. Mimi sikuona huruma. Niliona mama ameketi, na kazi iliyopaswa kufanyika. Upendo usiosikia kitu, Mungu anauhesabu? Ao anasema huyu alivaa tu kitenge?

Nimemuuliza Neema. Amejibu kwamba seromu inaingia katika mushipa hata munganga akiwa na usingizi. Mutoto huyu, nimewaambia.

Mama Furaha yuko nyuma ya nyumba na binti yake Furaha, anamusuka nywele. Hakuna anayejua atakaa hapa mpaka lini, na mimi sitamuuliza.

Kesho nitasimama mbele ya watu. Wakininyang'anya ukubwa, wachukue. Mutu akifa katika avenue hii, awe wa nani, nitatoka. Moyo wangu utakuja nyuma, siku utakapoweza kutembea.