Kidole cha Deo shavuni

Jumanne, tarehe 12

Sasa hata Deo ananifundisha! Deo wa mabango ya vinyozi pale stendi ya Ngara, ambaye vichwa anavyovichora vyote vina sura moja na shingo nene kama mgomba.

Hii ni wiki ya tano ninanakili kwa rangi ya mafuta picha ya bibi wa Kizungu iliyochorwa na bingwa wa kale, ili nijue kupaka ngozi kabla ya kumchora marehemu baba kwa misa ya kumbukumbu. Mama amechoka kusubiri. Leo akamleta Deo.

"Wiki tano, bibi mmoja?" Deo akacheka. "Mimi vichwa vinne kwa siku, ndugu yangu. Unatia petroli kidogo, rangi inakauka."

Petroli! Kisha akabonyeza shavu la bibi kwa kidole gumba, aone kama limekauka. Lilikuwa bichi.

Mama akasema asipoiona sura ya baba Jumapili, kazi ni ya Deo.

Walipoondoka nikashika kitambaa niifute alama ya kidole aliyoiacha. Nikaitazama. Ndiyo sehemu pekee ya picha inayofanana na nyama ya mtu.

Sijaifuta. Kesho nitafunga mlango, nimchore baba kwa kidole changu. Deo asijue kamwe.