Kifungu cha Tisa

Jumatano. Jua kali, ziwa limetulia, mimi sijatulia.

Leo kamati ya soko letu la dagaa ilituita kusikiliza rasimu ya sheria ndogo za soko kabla haijapelekwa halmashauri. Katibu anasoma, sisi tunanyosha mikono kupitisha. Kwetu ndivyo ilivyo: msomaji akishusha pumzi tu, mikono inapanda. Nakiri, hata mimi nilipitisha vifungu viwili bila kuvisikia vizuri.

Kikaja cha tisa: "Wasiojiweza watamiliki vizimba chini ya usimamizi wa ndugu zao." Mikono ikapanda. Wa kwanza ulikuwa wa kaka yangu, Masanja.

Natembelea magongo tangu utotoni. Kizimba changu cha kuuzia dagaa nimekiendesha mwenyewe mwaka wa saba huu, na mimi ndiye ninayewapangia wenzangu wote zamu za vichanja vya kuanikia. Kwa kifungu hicho, msemaji wa kizimba changu angekuwa Masanja.

Nilikasirika.

Nikasimama. Nikamwamkia mwenyekiti shikamoo, akaitika marahaba, ndipo nikasema, "Mwenyekiti, andikeni watu wenye ulemavu. Halafu mkisome upya hicho kifungu."

Wakakubali haraka, wengine wakicheka. Ni neno tu, walisema. Katibu akafuta, akaandika, akasoma: watu wenye ulemavu watamiliki vizimba chini ya usimamizi wa ndugu zao.

Safari hii hakuna mkono uliopanda.

Mama Shija, jirani yangu wa kizimba, akauliza, "Sasa Kabula asimamiwe nini, na yeye ndiye anatusimamia sisi?"

Laiti wanaoniambia nisibishanie maneno wangekuwepo pale. Ukishaitwa asiyejiweza, nani atahangaika kuuliza kama unaweza? Neno lilikuwa limeshaniamulia kabla sijafika kikaoni. Alipoandikwa mtu, watu wakageuka kuniangalia.

Kifungu kimewekwa kiporo mpaka Ijumaa. Wapo wanaotaka kibaki, eti kwa kutuhurumia. Huruma hiyo siitaki.

Nyumbani hapa Pasiansi nimemuuliza Masanja kwa nini alinyosha mkono kabla ya kuniuliza. Ni kaka mwema, magunia yangu huyabeba bila kuombwa, na hapo ndipo panaponiuma.

"Nimezoea," akasema.

Hakuniambia Ijumaa atafanya nini, nami sikumuuliza. Mimi pia nilikuwa nimezoea. Miaka mingapi nimemwacha aniongelee mbele za watu, nikiita hiyo heshima?

Fomu mpya ya kizimba, waliyotugawia pamoja na rasimu, nimeshaijaza. Penye mmiliki nimeandika Kabula. Penye msimamizi nimepiga mstari, nikaukandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Ijumaa naipeleka kwa mikono yangu. Wakiikataa, wanieleze mbele ya soko zima ni kipi nisichokiweza.