Saa ya Mama Alima

Jumatatu, 21 Agosti 1961

Garde ya tatu mfululizo, zamu juu ya zamu. Miguu imevimba, viatu vimegoma kuingia. Masœur, mtawa mkuu wetu, ananiambia mimi ndiye nguzo ya maternité, hii nyumba yetu ya kuzalia. Nguzo! Nguzo gani inatapika kila asubuhi?

Maana ndiyo, nina mimba. Mbili zilishatoka, zote kabla mtoto hajaanza kucheza tumboni. Hii ya sasa anaijua mume wangu Léonard peke yake. Nikisema kazini, wataniondoa chumba cha kuzalia, watanipeleka kukunja mashuka. Mimi, binti wa wauza samaki wa Kilwa yetu ya ziwani, niliyesoma mpaka nikapata robe nyeupe ya wakunga! Sikunji mashuka.

Na leo Mama Alima amenikasirisha tena. Yeye ndiye mkunga mkubwa wetu, mtu wa Maniema, mke wa fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo. Jua likifika kichwani anavua kitambaa cha kazi, ananawa, anakwenda nyuma ya nyumba ya kufulia. Anatandika mkeka. Anaswali. Anafungua sahani yake, anakula polepole kama mgeni wa harusi. Halafu anaegemea ukuta na kufumba macho. Kila siku! Leo mke wa waziri mmoja alikuwa anapiga kelele ndani, nikamkimbilia Mama Alima. Akafungua jicho moja.

— Iko anazaa sasa hivi?

— Bado, Mama, lakini ni bibi ya...

— Basi angoje. Tumbo haijue ministre.

Akafumba jicho lake. Mimi nilikula ndizi nikiwa wima, nusu. Nusu nyingine nimeikuta jioni mfukoni, imekuwa uji.

Jumatano, 23 Agosti

Leo mtoto alitanguliza matako. Dokta yuko mbali, mama amechoka, mimi natokwa jasho mpaka machoni. Nilikuwa nataka kuvuta. Mama Alima akaingia, ametoka tu kwenye mkeka wake, uso umetulia. Akaniwekea kiwiko ubavuni, nikasogea. Hakuvuta. Alingoja. Alimwimbia yule mama kitu cha kwao, chini chini, akangoja tena, na mikono yake ikajua saa yake. Mtoto akatoka mzima, mwenye hasira.

Nimeona mikono mingi. Ile haina haraka wala woga. Nikamuuliza anafanyaje. Akacheka: asipokula na asipokaa, mikono yake inakuwa ya muntu mwingine.

Nilichukia. Halafu nikaangalia ya kwangu. Ilikuwa inatetemeka kwenye beseni.

Jumapili, 27 Agosti

Misa sikwenda. Garde. Nimerudi, Léonard amepika. Amepika! Bukari, ugali wetu, yenye madonge, lakini amepika, na majirani walimwona na kumcheka na akaendelea kukoroga. Mwanaume wa atelier, karakana ya reli, mikono yenye grisi, na mwiko. Nampenda.

Na nilimlipa nini? Aliniuliza chumvi iko wapi, nikalia. Kwa chumvi! Akaweka sahani chini.

— Bijou, nyumba hii nayo iko na mugonjwa. Atakuya kupimwa siku gani?

Nikamjibu vibaya. Sitaandika jibu.

Jumanne, 29 Agosti

Mji umechafuka. Jana ONU, askari wa Umoja wa Mataifa, walikamata maofisa wazungu wa gendarmerie, jeshi la hapa, leo kila mtu anaongea kwa sauti ndogo. Wanawake wanaletwa kabla ya siku zao, hofu inawafungua. Vitanda vimejaa.

Nimefanya jambo. Sijui hata nianzie wapi.

Ngalula, mama wa Kasai anayekaa mtaa wa Kenia, alizaa mapasa. Wasichana wawili, mmoja nyuma ya mwingine, mbio mbio. Kwa watu wake, wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Si jina la kuchagua, ni nafasi ya mtu mpaka kaburini: nani mkubwa, nani anaanza kupewa chakula, nani anasalimiwa kwanza. Kila mkunga wa hapa anajua. Wa kwanza akitoka tu unamfunga uzi mkononi. Uzi nilikuwa nao mfukoni! Lakini kitanda cha pili mama alipiga ukelele, kichwa kimeshaonekana, nikawalaza mapasa pamoja kwenye shuka moja na kuruka huko. Niliporudi — wawili, sawasawa kama punje za mahindi.

Nikamfunga mmoja. Yeyote.

Kambo yao, yaani bibi yao, mama mzazi wa Ngalula, akaingia na khanga mpya. "Mbuyi njo nani?" Nikaonyesha kwa kidole. Sikumeza hata mate. Akapiga vigelele, akamsalimia yule mtoto kwa heshima ya mkubwa.

Jumatano, 30 Agosti

Sikulala. Mchana nimekwenda nyuma ya nyumba ya kufulia, nikasimama mbele ya mkeka. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Mama Alima alikuwa na tonge mdomoni. Akalitafuna mpaka mwisho. Akasogeza sahani.

— Kwanza kula.

— Mama, umesikia lakini?

— Nilisikia. Njaa haisemake ukweli muzuri. Kula.

Nikala. Wali wake na maharagwe, na machozi yangu juu. Kisha akasema twende, mimi mbele, yeye nyuma.

Nilimwambia Ngalula. Aliangalia watoto wake, akageuza uso ukutani. Na yeye hakuona, alisema, maumivu yalimfunga macho. Kambo hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alinitazama usoni, akashuka kifuani, akafika tumboni, akakaa hapo.

— Na yako ni ya miezi ngapi?

Mama Alima akageuka kuniangalia. Mkono wangu ulikuwa umeshafika tumboni.

— Muntu anasahau mutoto ya mwenzake, kambo akasema, atasahau na yake mwenyewe.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliingia mpaka kwenye mfupa. Akafungua ule uzi, akaukata katikati kwa meno, akawafunga wote wawili. Mvidi Mukulu, Mungu wa kwao, anajua, alisema, na wao siku moja bataonyesha benyewe. Kisha akanishika mkono. Mkono wangu, mimi niliyemharibia! Watu wengine wana moyo mpana mpaka unaona aibu kusimama karibu nao.

Ijumaa, 1 Septemba

Mama Alima ameingia ofisini kwa masœur bila kubisha. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia wote. Bijou iko na mimba, mbili zilitoka, huyu anapumzika mpaka mutoto ashike. Masœur akauliza kwa utulivu: gardes zake nani atafanya? Mkunga mwenzetu Martine, amesema, na yeye mwenyewe. Masœur akamkumbusha kwamba yeye ndiye anayegombania saa yake kila mchana. Akajibu:

— Njo maana niko na nguvu ya kumupatia mwengine.

Halafu masœur akasema sawa. Masœur!

Siku zote hizi nilidhani ni uvivu uliovaa dini. Kumbe huyu mama ameweka akiba, na leo ameitoa yote kwa ajili yangu. Nimeondoka na robe yangu kwapani. Sijui nimefurahi au nimefukuzwa.

Jumatatu, 4 Septemba

Nyumbani. Nimefagia mara mbili. Nimepanga vikombe. Nimemvizia jirani nimwombe nguo zake nimpigie pasi, akakimbia.

Ngalula na kambo wamepita barabarani na watu wengine wa Kasai, magodoro kichwani, wanakwenda kwenye kambi kando ya ONU. Wanaogopa kulala Kenia, usiku askari wa gendarmerie wanawasaka watu wa kwao. Pacha mmoja mgongoni kwa mama, mmoja kwa kambo. Niliwakimbilia na samaki wakavu wa kwetu. Kambo akaniuliza mbona nakimbia. Hata katikati ya kukimbia kwake mwenyewe, ananiuliza mbona nakimbia!

Jumamosi, 9 Septemba

Mama Alima amekuja kuniangalia. Kanikuta juu ya kiti, naosha madirisha. Alivuta kiti kingine, akaketi chini yangu, akaangalia tu, mpaka nikaona aibu nikashuka.

— Kupumuzika nayo ni kazi, akasema. Na weye kazi hii unaiogopa.

Nikamwambia kweli: nikikaa kimya naanza kusikiliza tumbo. Nasikiliza kama litaanza kuuma. Nikiwa mbioni sisikii kitu. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata Léonard. Hakunipa dawa wala mithali. Alisema na yeye mkeka ulimshinda mwanzoni. Alikuwa anakaa pale anahesabu wanawake waliokufa mikononi mwake. Alikaa nao. Siku moja wakanyamaza. Alisema hivyo akimenya chungwa, akanipa nusu kubwa.

Tukakaa. Hatukufanya kitu! Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka kwenye meza. Léonard alirudi, akatukuta, akatembea kwa ncha za vidole kama yuko kanisani.

Jumatatu, 11 Septemba

Amecheza.

Nilikuwa nimekaa. Nimesikia kwa sababu nilikuwa nimekaa.

Jumatano, 13 Septemba

Risasi tangu alfajiri, ONU na gendarmerie wanapigana. Upande wa posta, wanasema, na radio. Madirisha yanalia. Reli imesimama, Léonard yuko nyumbani, ameegemeza godoro dirishani.

Clément, dereva wa maternité, amefika na gari, kitambaa cheupe kimefungwa mlangoni. Hakuzima hata injini. Wanawake wamejaa, wengine wanazaa kwenye korido. Njia ya kwa Martine imefungwa, hakuweza kufika. Mama Alima yuko kazini tangu jana, bila wa kumpokea. Masœur anauliza kama naweza kuja. Hakuamuru, ameomba.

— Na Mama Alima amesema nini? nikauliza.

Clément akakuna kichwa.

— Alisema ukitokea pale atakufukuza na ufagio. Akasogea karibu. Lakini, mama, miye nilimuona. Tangu jana haikae. Haikule kintu.

Hajala! Mama Alima! Risasi zote za asubuhi hazikunitisha kama neno hilo. Anajua mwenyewe mikono inavyokuwa. Na chini ya mikono hiyo leo kuna wanawake wa mji mzima.

Clément amekwenda Kenia kuchukua mgonjwa mwingine. Akirudi anapita hapa.

Nikamuuliza Léonard nifanye nini.

— Miye ningefunga mulango, akasema. Lakini mulango ni ya sisi wawili.

Nikawasha moto. Nimepika bukari, samaki, na sombe, kisamvu kilichobaki jana. Mshindo mkubwa umepita karibu na soko, mwiko haukuanguka. Mikono yangu imetulia. Ajabu. Na mtoto anacheza, anacheza, kama anayeuliza kuna nini huko nje. Nimemwambia sijui. Nampenda mpaka naogopa kupumua. Nampenda na yule mama pia, aliye kule wima kwa sababu mimi nimeketi.

Nimevaa robe nyeupe. Haifungi tena tumboni. Nimevaa tu ili nione, nilimwambia Léonard.

Nimekaa kwenye kiti karibu na mlango, naandika juu ya goti. Sufuria imefungwa kwa kitambaa, iko miguuni, bado ya moto. Nimemwandalia Clément na maneno ya kupeleka: amwambie Mama Alima akae kwanza, ale, wanawake wangoje kidogo, Bijou amesema. Atacheka. Au atalia.

Gari linapiga honi. Léonard amefungua mlango na kuinama kubeba sufuria, na mimi nimeshaishika kwa mkono mmoja upande huu, sijaiachia.