Mama, Shamba Lisichimbwe na Mimi Sirudi Bado

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, kwa asubuhi zote ambazo sikuwepo kukuamkia. Goti linaendeleaje tangu livimbe wakati wa palizi? Na mvua, imewafikia hapo Matongo au imeishia milimani? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Urusi imeniachia kikohozi, lakini sijalazwa hospitali wala sijalala njaa.

Najua anayekusomea ni kaka Marwa, maana hapo nyumbani ndiye aliyemaliza shule. Basi kaka, soma yote kwa sauti, hata pale panapokuuma. Ukiruka mstari mama atajua. Wewe ukidanganya huwa unakohoa.

Mama, barua ya Marwa nimeipata. Anasema dhahabu imefumuka mpaka nyuma ya boma letu, watu wanamiminika kutoka Musoma, Sirari na hata ng'ambo ya Kenya, na kila mwenye sururu anachimba. Anasema yeye na wenzake wameona dalili ya mwamba kwenye shamba lako la nafaka ya wimbi, lile ulilopewa ulipoolewa kutoka Nyansurura, na wewe umewajibu kwamba hutasema ndiyo wala hapana mpaka usikie neno langu. Halafu ameongeza la kwake: "Bhoke, mwambie mama akubali, kisha urudi. Miaka yote hiyo unachemsha vichupa vya Wazungu, huku wenzako wanaezeka bati."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Naandika nikiwa bado nimekasirika.

Kwanza nikueleze hivyo vichupa, maana sijawahi kukueleza vizuri. Ukichemsha maji kwenye sufuria, maji yako chini na mvuke uko juu, na mpaka wake unauona. Zamani Mfaransa mmoja alijiuliza: nikiziba chombo kabisa mvuke usitoke, nikazidi kuchochea moto, itakuwaje? Akachukua mtutu wa bunduki, akatia pombe kali ndani pamoja na kijiwe cha mviringo, akaziba pande zote. Kila akiutikisa alisikia kijiwe kikipiga kwenye pombe, chubwi. Akazidisha moto. Joto lilipofika mahali fulani, ile chubwi ikakoma. Kijiwe kikawa kinabingirika kama ndani ya mtutu mkavu. Pombe haikuvuja, mama. Ilikuwa imefika pale ambapo kimiminika na mvuke havitofautiani tena.

Baada yake Mwairishi mmoja alilipima jambo hilo kwa makini, akitumia hewa ile ile inayotoa mapovu kwenye soda, akapaita mahali hapo nukta ya ukomo. Kisha mwalimu mmoja wa Uholanzi akaandika kanuni ya kulieleza. Ilikuwa kanuni nzuri, watu wakaipenda, wengi wakaona kazi imekwisha. Lakini kila mara walitokea wachache waliopima karibu kabisa na nukta yenyewe, na namba zao zikakataa kuifuata. Wakaambiwa vyombo vyenu vibovu, hamjui kupima. Hawakuacha. Mwishowe ikaonekana vyombo vilikuwa sawa, kanuni ndiyo iliyopungukiwa. Mimi naandika historia ya watu hao: nani alipima nini, nani alimpinga, na kwa nini hakunyamaza.

Sasa sikia yaliyonipata. Nchi hii niliyoijia imevunjika vipande. Posho yetu wageni imekatwa, na chuo kimeanza kupangisha maabara kwa wauza viatu. Mkuu wa idara aliniita akaniambia, "Historia si fizikia. Chukua cheti cha kuhudhuria, upande ndege. Hata ukimaliza, elimu hii utaifanyia nini kwenu?"

"Nitaifundisha," nikamwambia.

"Utamfundisha nani?"

"Watoto wa nyumbani. Na wewe pia, ukinipa nafasi."

Mama, nilitoka mle bila ruhusa ya kuendelea. Lakini mwalimu wangu, bibi mmoja mwenye ulimi mkali anayeitwa Lidia, aliwabana walimu wenzake mpaka wakakubali kukaa kunisikiliza. Nikaenda na kichupa cha kioo kinene, kimezibwa, ndani yake mna hewa ya soda iliyoshindiliwa mpaka ikawa kama maji. Chumba kilikuwa baridi, wote wamekaa na makoti. Nikakizamisha kwenye beseni la kioo lenye maji vuguvugu, joto la mchana wa jua kali kule Mto Mara, si zaidi. Wakaona mstari kati ya kimiminika na mvuke ukififia mpaka ukafutika kabisa. Nikaacha maji yapoe. Kichupa chote kikawa cheupe kama maziwa, kisha mstari ukatokea tena.

Mkuu wa idara akaiacha chai yake, akaja kuinama mbele ya beseni. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Halafu nikawaambia, "Kwenye weupe huu ndipo kanuni nzuri ilipokwama. Waliokaa hapa wakatukanwa na wasiondoke, nani atawaandika nikipanda ndege?"

Wameniruhusu niendelee, ila bila posho. Basi naendelea. Alfajiri nafagia kiwanda cha mikate, mchana naandika. Sioni haya, na atakayenitoa hapa kabla sijamaliza atanitoa kwa kunibeba.

Sasa shamba. Marwa, soma polepole. Jibu langu ni hapana. Shamba lile ndilo lililotulisha baba alipofariki, na mpaka leo linazaa. Mkishachimba shimo lenu mnaloliita duara, mwamba ukiisha mtahamia kwingine, na mama atabaki analima pembeni ya shimo. Chimba kwingine, mura, ndugu yangu, sikukatazi. Pale hapana. Tena usilete wazee wamkalishe mama kikao. Wakitaka maneno, waniandikie mimi.

Na umeandika kwa kujisifu kwamba zebaki mnayokamatia dhahabu mnaichomea jikoni kwa mama. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana, inaingia kifuani mwa kila aliye karibu. Itoeni leo. Siombi.

Sasa mama, nisalimie mama mdogo Ghati kule Nyambureti, na shangazi wa Migori. Mwambie blanketi lake ndilo linalonivusha baridi hii. Nisalimie katekista aliyenifundisha kusoma. Na Robhi, mke wa Marwa, ajifungue salama, na asikanyage jikoni mpaka zebaki itoke.

Mama, mimi nakujua. Ulishakataa siku ile ile Marwa alipofungua mdomo. Hukuwa unangoja ruhusa yangu. Ulitaka tu wasije wakasema umebaki peke yako. Hujabaki peke yako. Kesho asubuhi chukua jembe, ingia shambani kwako, uanze kulima wote wakikuona.

Ni mimi, binti yako asiyehama,
Bhoke