Ruhusa ya Kayamba Lako

Frere Town, Kisauni,
Mombasa.
6 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Nzai,

Shikamoo. Habari za Doha, na lile goti la kushoto linaendeleaje? Mama anauliza kama siku hizi unapata kiti kazini au bado unasimama langoni kutwa. Sisi hatujambo. Maembe hayajaiva, na mimi bado sijaolewa, kwa hiyo usisumbuke kuuliza.

Barua hii anakuletea Absalom wa Port Reitz, anayerudi huko kazini. Ningeweza kukupigia simu, lakini Mama amekataa. Anasema jambo hili haliombwi kwa simu.

Hoteli moja ya Shanzu imeupenda wimbo wangu na inautaka kwa tangazo lake. Mjomba, nilirukaruka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini! Ndiyo kazi kubwa ya kwanza tangu nianze kutengeneza muziki kwa kompyuta. Ila wanataka karatasi ya ruhusa ya kila sauti iliyomo, wasije wakashtakiwa. Ngoma na gitaa nilizinunua mtandaoni, kila moja na leseni yake, kwa hiyo hapo sikuwa na wasiwasi.

Shida ni kayamba. Ni lako lile, ulilolipiga kwenye harusi ya Katana nikakurekodi kwa simu. Kwenye fomu, palipoulizwa nani ameruhusu, niliandika, "Ni la mjomba wangu, halina neno." Wewe wanijua, tangu utotoni chako nimekihesabu changu, hata viatu. Fomu ilirudi siku hiyo hiyo.

Nikaona isiwe tabu, nikanunua kayamba lenye leseni. Sauti safi, haina hata kikohozi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anapepeta mchele." Nilicheka, kisha nikahuzunika, maana ni kweli. Lako lina kule kukawia kidogo kabla ya kurudi, na mwishoni anasikika marehemu Bibi akikuita ukale. Hapo sikukata.

Ndipo Mama akaniuliza, "Wazungu wa mtandaoni umewalipa. Mjomba wako je, umempelekea kadzama?" Niliona haya. Kwetu hakuna kinachoombwa mikono mitupu, na mimi nilichukua kayamba lako bila hata hicho kibuyu cha mnazi cha kuombea. Kwa kuwa umeokoka, Jumapili nilipeleka kreti ya soda kwa kaka yako, Mjomba Mramba. Ameipokea kwa niaba yako, na nusu ameshainywa kwa niaba yako.

Karatasi ya ruhusa imo humu ndani. Tutakachopata ni nusu kwa nusu. Uko huru kukataa, na ukikataa nitawaambia wa hoteli basi, wala sitatia kayamba la mtu mwingine. Lakini natumaini, Mjomba, tena sana. Wanangoja hadi tarehe thelathini. Ukishatia sahihi, ipige picha unitumie.

Mama, Mjomba Mramba na Katana wanakusalimu. Mungu akulinde, wewe unayelinda mali za watu.

Nilitaka kusahau. Kwenye karatasi hiyo kuna mahali pa kujaza kazi yako. Tafadhali usiandike mlinzi. Andika mpiga kayamba.

Mpwa wako akupendaye,
Caroline