Jani la Mwalimu Haji

Jumanne usiku

Yule mtembeza wageni bado ananikera. Leo kawasimamisha watalii mbele ya mlango wa Shangani, akawaambia umechongwa enzi za masultani. Na Mwalimu Haji, aliyeuchonga huku akitufundisha sisi kazi, yupo pale pale na bakora yake, anasikiliza.

Nikataka kusema. Akanishika mkono.

"Mwache, mwanangu. Si anausifia?"

Walipoondoka akagusa jani moja kwenye nakshi. "Hili nililikosea. Kila nikipita hapa linaniudhi."

Baada ya magharibi nimerudi peke yangu. Nimelimulika jani lile kwa simu, nimelipapasa kwa kidole hadi mwenye nyumba akachungulia dirishani.

Mimi mwenyewe sasa naitwa fundi. Kosa sijaliona.